Kutafuta Nyota Chini ya Ardhi

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilirudi nyumbani Tlawi kutoka shule na furaha iliyokaribia kuniponza. Biashara ya watu binafsi ilikuwa imeruhusiwa tena, kila mwenye nguvu anafungua duka, na baba alikuwa amefungua lake Dongobesh. Alitaka mtu wa kusimama pale. Mimi nilikuwa kidato cha tatu.

Tukiwa tunakula nikasimulia tuliyofundishwa kwenye fizikia. Nyota kubwa ikilipuka hutoa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zinazopenya miili yetu na dunia nzima kama vile hakuna kitu. Wataalamu huchimba chini sana ya milima, hujaza maji kwenye matangi makubwa, kisha hungoja zile chache zitakazogonga maji.

Baba alicheka, halafu akakunja uso. "Nyota zinatafutwa chini ya ardhi? Huyo mwalimu anawapotezea muda. Jumatatu utakaa dukani."

Nililia, wala sikujificha. Babu, mzaa baba, ambaye kwa kawaida hula kimya, akaniuliza kwa nini wanachimba. Nikamweleza kwamba huku juu chembe nyingine za angani hutumwagikia kila wakati na kuvuruga vipimo. Mwamba unazizuia hizo, nyutrino inapita.

Babu akamgeukia baba. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya kuchimbwa kilimani. Wezi wa ng'ombe wakija, ukiwa juu unasikia upepo tu. Kule chini ukilaza sikio, unasikia kishindo kabla hujamwona mtu. Hao watu wana akili. Mwache mtoto asome."

Kwetu mtu habishani na baba yake, hata awe na duka. Jumatatu nilikwenda shule.

Mpaka leo nafundisha fizikia hapa Katesh, na kila nikishika chaki namshukuru yule mzee. Baba naye namshukuru, maana alikubali, na uzeeni alikuwa akiwaeleza wateja habari za nyutrino, akikosea karibu kila kitu. Sikumsahihisha hata mara moja.

Basi mwanangu, jambo likikuchekesha, uliza kwanza sababu yake. Na ukiona mtoto wa mtu anafungiwa njia, wewe mwenye kusikilizwa usinyamaze. Mungu akupe wa kukusemea siku utakaposhindwa kujisemea, na akujalie nawe umsemee mwingine.