Muuaji Alisoma Uhakiki Wangu

Siku tatu baada ya kuandika kwenye blogu yangu kwamba muuaji wa kitabu fulani ni mjinga, muuaji mwenyewe alikuja kibandani kwangu na mtaimbo.

Saa nne asubuhi. Jua limewaka, Malaba imejaa watu.

Na bado nusura nife.

Naitwa Omuse. Naziba tairi za malori kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliachia darasa la sita na sitaki pole ya mtu. Kusoma kulinishika ukubwani, vile pombe hushika wengine.

Madereva hukaa foleni siku mbili, siku tatu. Wakichoka na simu, wanasoma. Wakimaliza, wananiachia kitabu. Nami nikimaliza naandika kwenye blogu: hiki kizuri, hiki takataka, hiki mwandishi alikuwa anajaza karatasi tu. Sina maneno laini. Madereva wanapenda hivyo. Wananisoma kutoka Mombasa mpaka Kampala.

Aliyeniletea vitabu vingi kuliko wote ni Methuselah, dereva wa trela, mtu wa Sio Port. Kila safari alikuwa na vitatu au vinne chini ya kiti.

Mwezi wa pili Methuselah akashikwa.

Walisema amekanyaga mtu. Foleni ilisonga alfajiri, akasonga nayo, na mwili wa Oriokot ukapatikana chini ya magurudumu ya nyuma ya trela yake. Oriokot alikuwa ametoka tu kuanzisha kikundi chake cha makuli wa kupakua mizigo. Methuselah alilia mbele ya watu, akaapa kwamba hakuhisi kitu. Nani angemsikiliza? Akawekwa rumande kungoja kesi.

Vitabu vikakatika.

Wiki ya kwanza nikahakiki kitabu cha maelekezo ya lori. Wiki ya pili nikahakiki kitabu cha nyimbo za kanisa cha mke wangu, Benedetta. Niliandika kwamba mambo yanajirudia sana. Benedetta akanipa ugali bila mboga siku mbili.

“Si sasa uandike kuhusu kalenda,” akaniambia.

Ukweli ni kwamba kalenda nilikuwa nimeshaiangalia.

Nyuma ya kibanda changu kuna kilabu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi ambayo watu huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mwenyewe ni Mama Amuge, mjane kutoka Chakol. Asubuhi moja akanikuta nimekalia tairi, nimeshika tama.

“Fundi, leo umefiwa?”

“Vitabu vimeisha, mama.”

Akacheka. Akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la jalada gumu, limejaa mwandiko wa kalamu ya buluu.

“Kuna mteja aliacha hii. Angalia kama ni kitu. Mimi inanijazia nyumba.”

Mama Amuge alikuwa hajui kusoma. Hivyo ndivyo sote tulivyojua. Hata ujumbe wa simu alikuwa anawapa wateja wamsomee.

Nilimaliza daftari siku hiyo hiyo. Foleni ya tairi ilinisubiri.

Ilikuwa hadithi ya mkubwa wa makuli anayeitwa Fahali. Mtu anaanzisha kikundi cha pili, Fahali anamvizia alfajiri nyuma ya kilabu cha pombe. Anampiga mtaimbo kichwani. Mtu anapiga magoti, anaomba, anataja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Fahali anamwambia, “Hapa mzigo unashushwa na mkono mmoja.” Kisha anampiga tena mpaka uso hauna umbo. Halafu anamburuta na wenzake mpaka chini ya trela, maana anajua geti likifunguliwa foleni itasonga na dereva hataona nyuma.

Hadithi haikusema nani alikuwa anatazama. Iliishia hapo, kama mtu aliyeitwa nje.

Nikaandika uhakiki. Nilisifu. Nilinukuu ile ya mkono mmoja, kwa sababu ilinipiga kifuani. Lakini nikaongeza: “Muuaji huyu ni mjinga, na mwandishi hajui malori. Tairi likikanyaga mtu aliye hai, damu hujaa kwenye mikunjo ya mpira. Mimi nimeikwangua mara nyingi. Maiti iliyopoa haitoi damu hivyo. Polisi yeyote akiangalia tairi atajua.”

Mtaniuliza: kweli hukuona? Sikuona. Nilikuwa nimekaa wiki tano bila kitabu. Nilimeza tu.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa dereva mmoja aliyekuwa Eldoret.

“Fundi, si wewe ndiye uliitwa kufungua tairi za Methuselah siku ile? Ulikuta damu?”

Nilisoma mara mbili. 

Mimi ndiye niliyezifungua, askari wamesimama hapo. Zilikuwa na vumbi tu, damu hakuna.

Hapo ndipo nikaelewa nimeshika nini. Aliyeandika daftari lile alikuwepo. Ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumtoa Methuselah. Nikalifungia kwenye sanduku la vyuma, nikapanga kwenda kwa wakili wake Busia Jumamosi.

Okurut akaja Ijumaa.

Okurut ndiye mkubwa wa makuli Malaba. Alikuja na vijana wake wawili wenye mabega kama milango, na alichagua wakati. Geti lilikuwa limefunguliwa. Malori yote yanawaka, madereva wako juu, honi juu ya honi. Hapo hata ukipiga mayowe unajisikia peke yako.

“Boss wa vitabu,” akasema.

“Okurut. Karibu.”

“Ile maneno ya mkono mmoja. Nani alikuambia?”

“Ni hadithi tu.”

Mtaimbo ukanipata gotini. Nikaanguka juu ya tairi.

“Na hii ni hadithi?”

Mmoja akanikalia mgongoni. Nilipapasa, nikapata leva ya tairi, nikaizungusha nyuma bila kuangalia. Ikampata mdomoni. Jino likadondoka ndani ya karai la maji ninalotafutia puncha, likaacha mkia mwekundu. Nilifurahi kwa sekunde moja. Kisha wakanipiga mateke ya mbavu mpaka nikatapika chai.

Okurut akachuchumaa. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo liliniogopesha.

“Unaandikanga na mkono gani?”

“Naandika na simu.”

“Kidole gani?”

Nilikunja vidole.

“Gumba, eh? Leta hiyo gumba.”

Wakanilaza mkono wa kulia juu ya ringi. Mtaimbo ukashuka. Nilisikia mlio wa muwa ukivunjwa gotini, kisha ndipo maumivu yakaja, yakapanda mpaka kwenye meno. Kidole kilikuwa kimelala upande, mfupa unachungulia mweupe.

“Nani alikupatia hiyo kitabu?”

“Sijui.”

“Leta ya kushoto.”

Sasa hapa ningeweza kuwadanganya. Ningeweza kusema nilikaza, nilimtemea mate usoni. Wengi wenu mngeniamini.

Nilisema mkono wangu wa kushoto ukiwa bado haujafika kwenye ringi.

“Mama Amuge! Ni Mama Amuge alinipa. Lakini mwacheni, hajui kitu, hata kusoma hajui!”

Okurut akatabasamu. Akainuka.

“Umeniita, Fundi?”

Mama Amuge alikuwa amesimama kwenye pengo la mabati, kati ya kilabu chake na kibanda changu. Ameshika sufuria kwa vitambaa viwili. Ajon huongezwa maji ya moto kila mara, na maji yake hayatokagi jikoni tangu asubuhi. Yalikuwa bado yanatokota.

Alimmwagia Okurut yote. Usoni, shingoni, kifuani.

Sitaeleza ile sauti. Nitasema tu ilishinda injini za malori. Okurut alijirusha kwenye matairi akijikwangua uso, na ngozi ikabaki kwenye kucha zake. Mama Amuge akageuza ile sufuria tupu, akamgonga nayo kisogoni, mara mbili, bila haraka, kama mtu anayepasua kuni. Yule wa jino alikimbia kuelekea upande wa Uganda. Mwenzake alishikwa na madereva.

Maana sasa madereva walikuwa wameshuka. Na mawe mkononi. Mmoja alishaita petroli.

“Mwacheni!” Mama Amuge akasimama juu ya Okurut, mguu huku na mguu huku. “Atakayemgusa ataanza na mimi. Huyu nataka akiwa na mdomo. Atasema mbele ya jaji.”

Hakuna aliyesogea.

Alikuja kuniona hospitalini kesho yake. Kidole kilikuwa kimeshakatwa. Alivaa miwani, na nilikuwa sijawahi kumwona na miwani.

“Nisamehe, mama,” nikasema. “Nilikutaja.”

“Nilisikia.”

“Na yule mteja aliyeandika, tukimpata...”

Akanitazama juu ya miwani.

“Fundi. Nani huwa nyuma ya kilabu changu alfajiri, akikaanga unga wa wimbi kwenye moshi?”

Niliangalia dari.

“Mimi ndiye niliandika,” akasema. “Nilienda kituoni mara mbili kuripoti. Waliniuliza nimevuta mrija mara ngapi. Nikasema, sawa, kuna fundi hapa madereva wote wanamsoma. Acha nimpe yeye.”

“Lakini wewe husomi. Simu tunakusomea sisi.”

“Maandishi ya simu ni madogo. Macho yamechoka. Ni wewe uliamua sijui kusoma. Mimi nilifika kidato cha tatu. Wewe uliachia ya ngapi?”

“Sita,” nikasema.

“Haya.”

“Ungeniambia tu ni yako.”

“Ningekuambia, ungesoma?”

 

Okurut alikiri akiwa bado amefungwa bandeji. Methuselah alitoka baada ya wiki sita, amekonda, shati linaning'inia. Mama Amuge alisoma daftari lake mahakamani mwenyewe, kwa sauti, na alipofika pale Oriokot anapotaja watoto wake alisimama kidogo, akafuta miwani, akaendelea.

Somo langu ni hili, na nawaandikia kwa kidole cha shahada, polepole.

Watu hunicheka kwamba fundi puncha wa darasa la sita anahakiki vitabu, na mimi hukasirika kweli. Kumbe nami nilikuwa na mtu wangu wa kumdharau. Nilimwona kwa macho kila siku, nikamweka kwenye fungu la wasiojua. Kisha nilipobanwa, huyo huyo ndiye niliyemtoa kwa bei ya kidole kimoja, na huyo huyo ndiye aliyekuja na sufuria.

Miaka kumi na tisa nimekaa hatua tano kutoka kwa mwandishi, nikingoja vitabu vitoke Mombasa.