Karani wa Windows katika Matbaa ya Ami

Ami yangu alikuwa na matbaa ndogo mtaani Kuze, katika mji wa kale, chini ya nyumba ya ukoo wetu, na kompyuta zake zote zilikuwa Mac. Kabla ya kuwa mchapaji alikuwa maalim wa madrasa, na kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa kuchapa juzuu na vitabu vya maulidi kwa hati za Kiarabu. Jamaa yetu aliyekuwa Maskati ndiye aliyemletea Mac ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ami alipoona herufi zikitoka kulia kwenda kushoto na kujiunga zenyewe kwenye kioo, alikaa kitako mbele yake asubuhi nzima, asiseme na mtu. Baadaye akanunua nyingine, na nyingine tena. Kila muuzaji aliyekuja kumsifia kompyuta za namna nyingine alimwambia mbele ya watu kwamba mashine isiyokuwa Mac haitapita mlango wake. Hakula kiapo, lakini alikuwa mtu wa kuona haya kurudi nyuma ya maneno yake.

Mimi ni binti wa nduguye. Baba yangu alipofariki, ami alinichukua nikamaliza shule nyumbani kwake, kisha akanifundisha kupanga herufi. Tulikuwa watu wachache pale: ami mwenyewe, mimi, na fundi wa mashine ya kuchapa ambaye kwa makelele ya kazi yake alikuwa hasikii sana.

Ndipo ilipokuja kazi ya kampuni moja ya kufungasha chai. Walitaka tuwachapie karatasi za pakiti zao, kazi ya mwaka mzima na zaidi, nasi tuwawekee mzigo ghalani mwetu wawe wakiuchukua kidogo kidogo. Sharti lao lilikuwa moja. Hesabu ya mzigo ule iwe katika programu yao ya biashara, na kila wiki tuwapelekee disketi. Programu hiyo haikujua kufanya kazi ila kwenye Windows.

Ami alizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Kukataa kazi hakuweza, na kununua kompyuta ya Windows pia hakuweza, kwa ajili ya yale maneno yake. Akaulizia mtu anayeijua programu ile, akaletewa karani mmoja kutoka Rabai aliyekuwa amefanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ambayo ilikuwa imefungwa. Alikuwa mrefu, Mkristo, mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alimsikiliza ami mpaka mwisho, akazitazama Mac zetu, akasema iko programu nyingine inayoifanya Mac ijifanye Windows. Ni nzito, akasema, lakini inafanya kazi. Ami alifurahi kama aliyetolewa mwiba.

Ilikuwa nzito kweli. Karani alikuwa akiiwasha Mac yake asubuhi, kwanza inaamka yenyewe kama Mac, halafu anaifungua ile programu ya kujifanya, kisha ndani ya kioo kinatokea kioo kingine kidogo, na humo Windows inaanza kuamka polepole, mstari kwa mstari. Ikishaamka, ndipo aifungue programu ya chai. Kipanya cha Mac kilikuwa na kitufe kimoja na programu ile ilitaka viwili, kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa daima umeshikilia kibodi. Disketi zake aliziandika neno USIFUTE kwa wino mwekundu, kwa sababu Mac nyingine ilipopewa disketi ya Windows iliuliza kama iisafishe, na mtu mwenye haraka angeweza kukubali. Akibonyeza kuomba orodha, anangoja. Akigeuza ukurasa, anangoja. Na stima ikikatika katikati ya kazi, jambo lililokuwa la kawaida, huenda yote aliyoingiza yameharibika, aanze tena.

Kiti chake na changu vilikuwa karibu, na katika kungoja huko ndiko tulikozoeana. Kwanza tulikuwa tunasalimiana tu na kuulizana hali za nyumbani, kwa adabu, ami akiwa palepale na miwani yake. Baadaye akaanza kunieleza habari za mkewe, naye ami hakutukataza, maana yeye pia alikuwa akisikiliza.

Mkewe alifundisha watoto wa chekechea huko Rabai. Mzazi akichelewa kumchukua mtoto, mama huyo alimpeleka kwake akampikia pamoja na watoto wake mwenyewe. Karani alisema si mara moja wala mbili amefika nyumbani jioni akakuta mtoto asiyemjua amelala kwenye kiti chake, naye ikambidi akae kwenye ngazi mpaka mwenyewe aje kumchukua. Aliyasema haya bila kucheka, lakini uso wake ulikuwa unalainika.

Mama huyo alikuwa na maradhi ya moyo tangu utotoni. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, na hakuweza kupanda kwa mara moja. Ila hakutaka watu wajue. Kwa hiyo alipokuwa akitoka shuleni aliingia nyumba ya kwanza njiani, akabisha hodi, akakaa kibarazani na kuulizia watoto, mifugo, mgonjwa wa nyumba ile. Pumzi ikirudi, anaaga. Mbele kidogo anaingia nyumba nyingine. Wote waliamini amekuja kuwaamkia. "Hakuna anayejua ila mimi," karani aliniambia, "na sasa wewe, dada, na Maalim." Ami aliinua kichwa, kisha akairudia kazi yake.

Mkewe alipolazwa hospitali mjini, karani aliniomba nimsaidie kumchagulia leso. Tulikwenda Biashara Street wakati wa chakula cha mchana, shangazi yangu akiwa pamoja nasi. Karani hakuwa na shida na rangi. Shida yake ilikuwa maandishi. Kila leso aliyoishika alinitaka nimweleze maana yake, na zile zenye kusema mafumbo ya wivu au ya mauti alizirudisha kwa uangalifu, akazikunja mwenyewe kama zilivyokuwa. Mwishowe alichukua moja ya maua ya zambarau, yenye maneno ya kushukuru tu. Kesho yake alituambia mkewe ameifurahia, ameivaa mabegani, na amewaonyesha wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Siku aliyofariki mkewe, karani alikuwa akifunga hesabu ya mwezi. Hiyo ndiyo kazi aliyoiogopa, kwa kuwa programu ilikuwa inapanga upya kila kitu, na ikikatizwa katikati yote huvurugika. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa. Simu ililia, ami akaipokea. Aliitikia, akashukuru, akaweka simu chini kwa mikono miwili. Halafu akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwa karani, karibu kuliko alivyowahi kuketi karibu naye.

"Mwanangu," akasema, "simu ilikuwa ya hospitali."

Karani hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kioo kidogo ndani ya kioo kikubwa, ambapo alama ya buluu ilikuwa inasogea.

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Mola akupe subira."

Nilikwenda kumwashiria fundi azime mashine yake, na nyumba yote ikanyamaza. Nilirudisha mlango wa mbele. Nilipogeuka, karani alikuwa bado amekaa vilevile, mkono wa kushoto kwenye kibodi. Ami akamwambia aache, hesabu si kitu, itaanzwa upya siku nyingine na mtu mwingine.

"Niache niingoje, Maalim," akasema. "Sijui nikiinuka niende wapi."

Ami aliuweka mkono wake juu ya bega la karani, wakakaa wote wawili wakiitazama ile alama ya buluu. Sijui tulikaa muda gani. Nje watu walikuwa wakipita na kusalimiana kama kawaida, mkokoteni ukapita ukigonga mawe, mtu akauza kahawa. Nilimwomba Mungu stima isikatike. Nilijua si dua ya kuombwa wakati kama ule, lakini niliiomba kwa moyo wangu wote.

Kazi ilipokwisha, programu iliuliza kwa Kiingereza kama tunataka kuendelea. Karani alikuwa haoni tena kilichoandikwa.

"Dada, nibonyezee," akaniambia. Nikabonyeza. Yeye akaitoa disketi, akaiweka mezani mbele ya ami, akasimama. Ami na fundi walimshika, wakatoka naye.

Tulikwenda mazikoni Rabai, ami, shangazi, fundi na mimi, na magunia ya mchele na sukari. Kuna watu wa mtaa walionong'ona, maalim mzima kwenda mazishi ya kanisa. Ami alisema anakwenda kumzika jirani yake wa kazi. Ibada ilipokuwa ikiendelea alisimama nje na wanaume, mikono nyuma. Wakati wa kufukia, alichukua jembe zamu yake kama wengine.

Mimi nilikaa na wanawake. Walikuwa wakimtaja marehemu, kila mmoja kwa yake. Mama mmoja alisema, huku akijifuta machozi, kwamba yule alikuwa rafiki yake hasa, maana hakuwahi kupita mlangoni kwake asiingie. Mwingine akasema hata kwake, kila siku ya Mungu, alikuja kumwangalia mama mkwe wake mgonjwa. Bibi mmoja aliyekuwa juu zaidi ya kilima alisema wanawe mwenyewe hawamtembelei kama alivyomtembelea mwalimu yule. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kiti alichomwekea, au kikombe. Nilikuwa mgeni pale, nimekaa mkekani na buibui langu, na nilijua. Niliinamisha kichwa nisije nikatazamwa usoni. Baadaye nilifikiri kwamba huenda si uongo hata kidogo. Mtu akikaa kwako kila siku akauliza mgonjwa wako anaendeleaje, na jibu akalikumbuka kesho yake, amekutembelea, hata kama pumzi ndiyo iliyomleta.

Karani aliporudi kazini, alikuta kompyuta ya Windows mezani kwake. Ami alikuwa amekwenda kuinunua mwenyewe, ameibeba kupitia mlango ule ule, mchana, watu wakimwona. Muuzaji mmoja kati ya wale wa zamani alimkumbusha maneno yake ya zamani, naye ami akasema ndiyo, niliyasema. Kwa karani alisema tu kwamba hataki tena kuona mtu anangojeshwa na mashine katika nyumba hii.

Karani alishukuru sana. Programu ya chai sasa ilifunguka mara moja. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima aliimaliza kabla ya saa sita, na makosa hakuna. Kampuni ikasifu. Lakini mimi niliyekuwa karibu naye niliona kwamba saa zilizobaki hakujua azifanye nini. Alipanga disketi, akazipangua. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na usemi wake ulikuwa umepungua. Siku moja nilimuuliza kama mashine mpya ina tatizo. Alisema haina tatizo lolote, ni nzuri kupita kiasi.

"Zamani nilikuwa na nafasi ya kumzungumzia," akasema. "Nilikuwa nangoja, nakusimulia. Sasa nikifungua mdomo naona kama nakupotezea wakati."

Nilimwambia hanipotezei. Alitikisa kichwa kwa adabu, na siku ile hakunisimulia kitu.

Nilimweleza ami. Jioni ile, baada ya alasiri, akamwita karani chumba cha nyuma tulikokuwa tukishonea vitabu. Akamwambia kwa lahaja yetu ya nyumbani, "Ndoo ukae hapa, nikuonyeshe." Akampa sindano, uzi na kurasa za juzuu zilizokunjwa. Karani akauliza kama inafaa yeye kushika kurasa zile. Ami alifikiri kidogo, akamwambia anawe mikono kwanza, na kwamba atampa vitabu vya maulidi na tenzi, vya juzuu ami atashona mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyofanya. Asubuhi alikuwa na hesabu za chai, mchana anashona. Mshono wake ulikuwa mbaya mwanzoni, kurasa zikichomoka, na ami alimfumulia bila kumwonea haya. Huko nyuma wakawa wanazungumza, mzee na yeye. Mimi nilikuwa nasikia sauti zao tu, maneno siyasikii, na sikusogea karibu kuyasikiliza.

Baada ya mwaka hivi niliolewa, nikahamia Makadara kwa mume wangu, ingawa kazi sikuiacha. Kampuni ya chai ilikuja kumtaka karani awe wao kabisa, kwa mshahara mzuri na ofisi yenye feni. Alikwenda kumuuliza mama mkwe wake aliyekuwa akilea watoto wake tangu msiba, akamuuliza ami, akaniuliza na mimi. Sote tulimwambia aende. Alikwenda. Disketi za kila wiki akawa anazipokea badala ya kuzipeleka, na Windows pale kwetu nikajifunza kuiendesha mimi.

Kila Ijumaa, ofisi yao ikifungwa mapema, alikuwa anapita matbaani kwetu. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akamwamkia ami, akaulizia kifua cha fundi kilichokuwa kikimsumbua na, nilipojaliwa, watoto wangu kwa majina yao, akaketi.