Mwalimu Nzuki na Wawili Walioruka Maji

Saa tatu asubuhi, Machi 2006. Kui Githongo amesimama juu ya jukwaa la mbao la mita tatu, kando ya bwawa la kuogelea la gesti moja mjini Kitengela. Amevaa jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, na kichwani mfuko wa plastiki kukinga nywele alizosukwa jana. Yuko hapo juu kwa dakika ishirini na tano sasa.

Chini yake, mwalimu Nzuki Muteti amekunja suruali hadi magotini.

"Kui," anasema, kwa sauti ya mtu aliyerudia jambo mpaka likamchosha, "mkono mmoja kwa pua. Ule mwingine ushike jaketi, ulivute chini. Miguu pamoja. Angalia mbele. Halafu hatua moja tu."

"Mwalimu, si niingie tu na ngazi?"

"Meli ikishika moto utaomba ngazi kwa nani?"

Mama wa Kui, Mugure, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. "Mwalimu, huyu anaenda kuosha vyumba. Haendeshi meli."

"Mama Kui, kwani meli ikizama, wa kuosha vyumba wanabaki juu?"

Mlinzi wa gesti, Mmaasai wa Bisil, anacheka mpaka rungu linamtoka mkononi. "Hata ng'ombe zetu ziko hivyo, mwalimu. Zikifika mtoni lazima usukume matako."

Nzuki hacheki. Ana umri wa miaka arobaini na minane. Alizaliwa Ukambani na hakuiona bahari mpaka alipofika miaka ishirini na miwili. Baadaye alikaa baharini miaka kumi na mitatu, akiwa baharia wa meli za mizigo.

Mwaka 1995 chumba cha injini cha meli yao kilishika moto na wote wakaamriwa kujitupa majini. Mwenzake aliyekuwa kando yake alijitupa bila kushika jaketi. Mwili ukienda chini, jaketi hutaka kubaki juu.

"Lilimpiga kidevuni," anasema Nzuki. "Tulimshikilia kwa saa nne tukingoja kuokolewa. Kumbe alikufa pale pale alipogusa maji."

Tangu 2001 anafundisha katika chuo kidogo cha kazi za melini, hapa Kitengela, mwendo wa siku nzima kutoka baharini. Maji ya bwawa huletwa na lori. Mwaka huu wa ukame wapita njia husimama kwenye ua na kuuliza kwa nini watu wanaogelea ilhali mifugo inakufa.

"Wana haki kuuliza," anasema.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni neno moja aliloliandika mwenyewe.

Desemba iliyopita alikuwa na wanafunzi kumi na tisa. Kumi na saba walijitupa majini, na mbele ya majina yao akaandika "Sawa". Kui alisema ana homa. Ochola, kijana aliyekulia kando ya ziwa, alienda kunywa chai zamu yake ilipokaribia. Mbele ya majina ya hao wawili Nzuki aliandika "Ameruka", akimaanisha kwamba wameliruka zoezi.

Celine, karani wa chuo, alipochapa vyeti aliwapa wote kumi na tisa.

"Ningejuaje?" anauliza Celine. "Mwalimu wa kuruka akiandika mtu ameruka, si huyo amepita? Hata nilidhani hao ndio walifanya vizuri zaidi."

Nzuki aliligundua kosa mwezi Februari, Kui alipokuja kuaga akiwa na cheti mkononi. Alikimbilia kwa mkuu wa chuo, Kahiga, ambaye hakuinua macho kwenye gazeti lake. "Mwalimu, cheti kikitoka kimetoka. Na meli za siku hizi hazizami ovyo ovyo."

Ndiyo maana leo mfuko wa shati la Nzuki una barua ya kwenda kwa wakala wa meli Mombasa. Inasema anaondoa sahihi yake kwenye cheti cha Kui. Kui anatakiwa melini Jumamosi. Asipojitupa majini kabla ya saa sita, barua inaenda posta, na kazi inapotea.

"Na nikikataa?" Kui anauliza kutoka juu.

"Nitaenda posta. Utanichukia. Sawa tu, si wewe wa kwanza."

Mugure anasimama, mkoba unaanguka. "Wewe Kui! Ile mbuzi ya kukuaga tulichinja ya nini? Shuka hapo ukiwa kwa maji!"

Kui anafumba macho na kupiga hatua. Angani mkono unaachia jaketi. Anapoibuka anakohoa, mdomo unatoka damu.

"Umeona?" anasema Nzuki, akimvuta ukingoni. "Hiyo ni mita tatu tu. Melini ni zaidi. Panda tena."

"Mwalimu!"

"Tena."

Mara ya pili anasahau miguu. Mara ya tatu kila kitu kiko mahali pake. Mlinzi anapiga makofi, Mugure analia, na Nzuki anaichana barua vipande vinne.

Amebaki Ochola, ambaye alipanda meli ya mizigo Januari, na cheti chake. Nzuki amepiga simu kwa wakala mara sita. Anaambiwa meli hiyo itatia nanga Mombasa Aprili, kwa siku mbili. Ameomba ruhusa ya kwenda. Kahiga amempa ruhusa, nauli amemnyima.

Atapanda basi kwa pesa zake, jaketi likiwa ndani ya begi.

"Najua atakataa," anasema, akikunjua suruali iliyolowa. "Ataniambia ziwa, ziwa, eti maji anayajua tangu utotoni. Mimi sitabishana naye. Nitaingia majini kwanza, halafu nimngoje humo."