Siku Lucia Alipoacha Kumwamkia Mkwewe

Lucia, mpishi wa askari wa pori pale Sitalike, jina lake aliliandika kwa shida, lakini redio ya kituo aliijua kwa masikio. Nyani walikuwa wamevunja paneli ya jua, na tangu hapo magari yaliyoegeshwa barabarani ndiyo yaliyoiazima redio umeme: leo la huyu, kesho la yule.

Asubuhi moja ya masika, mwendesha baiskeli alipita akipiga kelele: "Mto Katuma umebeba daraja huko juu! Maji yanashuka!"

Lucia akatupa mwiko. Doria ya watu saba ilikuwa njiani kurudi, mumewe Thadei yumo, na anayewaongoza ni mkwewe, mzee Masele. Muda huo ndio wa kuvuka mto. Kivuko kilikuwa mwendo wa saa nzima. Opareta wa redio alikuwa kitandani na malaria.

Gari lililokuwepo ni pikapu ya Makarius tu, siku ya pili haina dizeli.

"Betri yangu usiiguse, dada. Imechoka."

"Imechoka kwa kaseti zako! Fungua boneti."

"Ikifa, nani atanisukuma?"

"Mimi, mpaka Mpanda. Fungua!"

Akafungua. Lucia akabana nyaya. Taa ya redio ikawaka kwa kusuasua.

"Kusikiliza kunakula kidogo," Makarius akaonya. "Ukibonyeza kusema, inakunywa yote. Sema mara moja tu."

Redio ikakoroma, kisha sauti ya mzee Masele: "Kituo, tumefika mtoni. Nani hapo?"

Kwa kina Masele, mke wa mwana hupiga goti kwanza, aamkie, aulize afya, aulize ng'ombe. Hata redioni Lucia alikuwa akipiga goti, na mzee hakupokea neno lolote kabla ya salamu. Kidole kikasita. Akabonyeza amesimama wima.

"Msivuke! Maji yanakuja! Rudini juu nyie!"

Taa ikazimika.

"Wamesikia?" Makarius akauliza.

"Nitajuaje?" Tayari alikuwa anakimbia.

Alipofika, Katuma ilikuwa imejaa kingo kwa kingo, inaviringisha miti mizima. Ng'ambo, juu ya kichuguu, watu. Akahesabu: watano. Akahesabu tena. Wa sita akatokea kichakani, Thadei, akapunga mkono. Wa saba alikuwa amekaa peke yake, kaupa mto mgongo. Lucia akalijua lile koti la mkwewe.

"Nuna tu, baba!" akapaza sauti juu ya ngurumo ya maji. "Nuna mpaka kesho!"