Fundi aliyekumbuka kufungua, asikumbuke kufunga

Saa moja na nusu asubuhi. Upepo unavuma kutoka kusini, na Sakoda Chizuru anapitisha kidole kwenye boneti ya gari lake kabla hajaingia karakana. Kidole kinatoka cha kijivu. Mlima Sakurajima umetema majivu tena jana, na upepo wa leo unayaleta huku uwanja wa ndege.

Anajifuta kwenye suruali, anavaa kofia, anaikabili ndege ndogo ya abiria iliyoegeshwa ndani. Anafungua tundu dogo ubavuni mwa injini na kuingiza kamera nyembamba yenye shingo ya kupindapinda. Kwenye skrini yanapita mapanga, yale mabapa ya chuma yanayozunguka ndani ya injini, moja baada ya jingine. Paji la uso limemtoka jasho, na karakana bado ina baridi.

Akimaliza anarudisha kizibo cha tundu, anakikaza, kisha anakigusa na kusema kwa sauti, "Nimefunga." Mwenzake, Shimozono Kazuhiko, anasogea, anakigusa naye. "Umefunga."

"Zamani tulikuwa tunatia saini tu," anasema Shimozono. "Siku hizi bila kusikia sauti yake mwenyewe haondoki hapa."

Chizuru ana miaka arobaini na saba, na karibu nusu ya umri huo ameimalizia ndani ya injini za ndege zinazounganisha Kagoshima, kusini mwa Japani, na visiwa vya kusini. Mumewe, Yoshinori, analima chai milimani Kirishima. Hadi Juni mwaka jana, anasema Chizuru, kazi yake haikuwahi kumkosesha usingizi.

Asubuhi moja ya mwezi huo aliikagua injini ya kulia ya ndege iliyokuwa imepita karibu na wingu la majivu. Aliona vumbi la kawaida. Akatia saini, Shimozono naye akatia, na ndege ikapakia abiria wa kisiwa cha Amami. Mmoja wao alikuwa dada yake mkubwa, Mitsue, mpishi mstaafu wa shule, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Mafundi hao wawili walikuwa wanakunywa chai nje waliposikia mshindo, kama mtu amepiga lango la chuma kwa nyundo. Walipoinua macho, moshi ulikuwa unatoka upande wa kulia wa ndege iliyokuwa bado inapanda.

Chizuru alibaki amesimama na kikombe mkononi. Marubani waliizima injini hiyo, wakageuza, wakatua kwa ile iliyobaki. Hakuna aliyeumia.

"Sikumfikiria dada. Naona aibu kusema," anasimulia. "Nilifikiria kizibo. Nilikumbuka kukifungua. Kukifunga sikukumbuka."

Kizibo kikilegea, hewa ya moto huvuja na kuunguza vilivyo jirani. Alijua hivyo, na Shimozono alijua. Alipomuuliza mwenzake kama alikigusa wakati wa kuhakiki, Shimozono alijibu ndiyo bila kusita. Kesho yake alikuja kumwambia kwamba hana hakika tena kama anachokumbuka ni siku ile au ni siku nyingine yoyote.

Injini ilitiwa kwenye sanduku na kupelekwa ng'ambo kwa watengenezaji ikafunguliwe. Huku nyuma kila mtu uwanjani alikuwa na sababu yake. Wengi walimtaja mwewe aliyefyonzwa na injini, lakini waliotembea njia nzima ya kurukia hawakuokota hata unyoya. Wengine walisema ni majivu, ambayo yakiingia kwenye moto wa injini huyeyuka na kuganda kama kioo, na kuziba njia za hewa. Yalitajwa mafuta machafu, ila vipimo vilionyesha ni safi. Kila sababu ilipoondolewa, Chizuru aliona zimebaki chache, na moja kati ya hizo chache ni yeye.

Mkuu wa karakana, Arimura, alimhamishia kwenye matairi na viti vya abiria. Alimwambia hakuna anayemlaumu.

"Hapo ndipo nilipoogopa kabisa," anasema Chizuru. "Watu walikuwa wapole mno. Mtu ananiletea chai sijaomba. Kwetu ukiona hivyo, ujue wanakuzika taratibu."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu pia. Akitoka kwenda kazini aligeuza gari njiani kurudi kuangalia jiko. Yoshinori anasema siku moja alimkuta bustanini anafungua bomba na kulifunga, anafungua na kulifunga.

"Nikamuuliza, kulikoni? Akaniambia anataka kujua mkono unakumbuka nini. Nikarudi kwenye chai yangu, lakini sikufanya kazi ya maana siku ile."

Mitsue aliwatembelea baada ya wiki moja. Alikula akashiba, akasukuma bakuli. "Mdogo wangu, najua tangu utoto unanionea wivu," alisema, "lakini hii ya kunilipulia injini umezidisha." Hakuna aliyecheka. Ndipo akasema kilichomleta. Bado anataka kwenda Amami kumwona mtoto. Meli humtapisha, kwa hiyo atapanda ndege, tena ile tu iliyokaguliwa na Chizuru.

"Injini sigusi tena, dada."

"Basi mjukuu wangu atanijua kwa picha," Mitsue alijibu, na safari hii hakuwa anatania.

Jibu lilifika Novemba. Arimura aliwaita ofisini na kuwasomea akiwa amesimama. Kizibo kilikutwa mahali pake, kimekazwa sawasawa. Panga moja lilikuwa limekatika kwenye shina, na ufa ulikuwa umeanzia ndani ya chuma chenyewe, ambako kamera haioni. Shimozono alijikalisha sakafuni na kulia mbele ya bosi wake. Chizuru aliomba asomewe tena.

"Nilifurahi kidogo sana," anasema. "Halafu nikaelewa. Niliitazama injini ile, ufa umo, mimi nikaona vumbi. Sikukosea popote, na bado dada yangu angeweza kufa. Kama ningekuwa nimekosea, ningejirekebisha. Sasa nirekebishe nini?"

Arimura alimpa nafasi ya kubaki kwenye matairi, naye karibu aikubali. Aliyembadilisha mawazo ni Shimozono, anayestaafu mwisho wa Machi. Alimfuata kwenye maegesho na kumuuliza swali moja, akimwita kwa jina la ukoo: "Sakoda-san, mimi naondoka. Anayekuja nyuma yangu hajawahi kuogopa. Utamwachia injini peke yake?"

Alirudi kwenye injini Desemba. Hofu haijaondoka. Ndege ikiruka, anatoka nje na kusikiliza hadi mlio upotee, hata mvua ikinyesha. Arimura alimkataza mara moja, kisha akamwachia.

Aprili atakwenda Nagoya kwa mafunzo ya kukagua chuma kwa mawimbi ya sauti, yanayoweza kuonyesha ufa uliojificha ndani. Anataka mashina ya mapanga yapimwe hapa hapa karakana, isiwe lazima kusubiri injini ipelekwe mbali. Hajui kama kampuni itakubali kununua mashine. Amesema ataendelea kuomba.

Kabla ya hapo kuna safari nyingine. Mwezi wa tatu yeye na Mitsue watakwenda Amami. Mitsue ameshachagua viti, upande wa kulia, dirishani. Chizuru hajapanda ndege tangu tukio lile, na injini za siku hiyo hatazigusa, maana kanuni hairuhusu abiria kuwa fundi. Zitakaguliwa na Shimozono, katika wiki zake za mwisho kazini. Mitsue amelegeza sharti lake, mradi mdogo wake akae kando yake.

"Miaka yote hii watu wamekaa juu ya kazi ya mikono yangu," anasema. "Sasa zamu yangu kukaa juu ya kazi ya mwingine. Nimemwambia dada nitaogopa njia nzima. Akaniambia niogope, ila nisimbane mkono, ana baridi yabisi."

Mtoto wa Amami ameanza kusimama kwa kushika meza. Chizuru anasema angependa wafike kabla hajatembea.