Nani anakula umeme wetu hapa Itetemia?

Leo nimemjua anayekula umeme wetu!

Wapangaji tunachangia umeme wa luku moja, mita ya kulipia kabla. Ikiisha haraka, macho yote kwangu, mgeni kutoka Newala. Eti napikia jiko la umeme. Mimi nashinda nikibeba magunia, nina taa na feni tu!

Nami nilimshuku jirani yangu, Mama Zuhura. Ana friji.

Leo tukazima kila kitu, vyumba vyote.
Mita ikaendelea kuhesabu.

"Fungua kwako tuone!" akafoka Mama Zuhura. Akaingia, akainama hadi uvunguni. Jiko hakuna.

Nikazima swichi kubwa ya luku yetu.

Mwenye nyumba, anayejidai ana luku yake, akatoka mbio na mapovu ya sabuni kichwani. "Nani kazima? Pampu yangu ya maji imesimama!"

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Zuhura.

Mwenye nyumba akarudi ndani na mapovu yake. Ninyi mngemwambiaje?