Kuonja ni Mara Moja

Enzi zetu, kinywaji hakikumfikia mgeni kabla ya kupita mdomoni mwangu. Najua nina miaka kumi na saba, na mtu wa umri huu haruhusiwi kusema "enzi zetu". Lakini nyumbani kuna mdogo wangu Baraka, ana miaka minane, hajawahi kufukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa wala kupulizia kuni mbichi mpaka machozi yakamtoka. Mbele yake mimi ni mzee kabisa, bado mkongojo tu. Wenzangu wa kidato cha nne mliokulia kando ya ziwa, ninyi mtanielewa.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, pale Lituhi, ufukweni mwa ziwa. Nyumba yake ilikuwa na harufu tatu: usipa, dagaa wetu wa ziwani, waliokaushwa; moshi; na togwa. Uji wa mahindi aliupika mapema, akauacha upoe, akautia unga wa kimea cha ulezi na kufunika chungu kwa ungo. Kesho yake togwa ilikuwa tamu. Keshokutwa ilikuwa imeanza kuuma ulimi, na hapo ndipo wageni walipozidi, sijui nani alikuwa anawapigia mbiu. Walikuja akina mama walioshuka kutoka upande wa Litembo na maharage yao, wakitafuta samaki. Alikuja katekista, ambaye kila mara alikuwa anapita tu. Walikuja walimu.

Mgeni akishaketi na salamu zikaisha, Bibi alichota kwa kata, akamimina kwenye kikombe cha bati, akaniita. "Mume wangu, njoo uonje." Aliniita mume wangu kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, ingawa sijaona mume mwingine anayechapwa vile. Nilipiga funda moja mbele ya mgeni, kisha nikampa kikombe kwa mikono miwili. Anayetoa ndiye anayeanza, ili anayepokea ajue ndani hakuna kilichofichwa. Sikuwahi kuelezwa zaidi ya hapo, na sikuuliza. Kazi ya kulipwa togwa huulizi maswali.

Ila funda langu lilikuwa linarefuka kila wiki. Siku moja nilishusha kikombe, nikavuta pumzi, nikakipandisha tena. Hakijafika mdomoni, mwiko ulishatua kisogoni.

"Kuonja ni mara moja," Bibi alisema, hata sauti hakupandisha. "Mara ya pili ni wizi."

Mara nyingine alikuja mwalimu mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, suruali ina mkunjo kama imechorwa kwa rula. Nikapiga funda langu, nikampa. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi na kamasi zangu.

"Mama, huyu mtoto amekunywa kwenye kikombe changu."

"Ndiyo, mwalimu," Bibi akasema. "Na bado amesimama. Kunywa."

Alikunywa. Mpaka anahamishwa tena, alikuwa akija kila Jumamosi, na nisipokuwepo alikuwa anauliza mwonjaji yuko wapi.

Nilipoingia darasa la sita baba alinichukua Dar es Salaam. Mwaka jana Bibi naye akaletwa, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kuteka maji. Alifika na kifurushi kimoja na maswali mengi, na baada ya wiki chache maswali yakaisha na kula kukaisha. Daktari alimpima, akasema haumwi. Mama alimpelekea pilau, ikarudi. Samaki wa baharini alimwonja kwa ncha ya ulimi, akasema huyu kafa na chumvi yake. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, kitenge kikizidi kumzunguka, na baba akawa anaongea kwa upole ambao hatujauzoea. Huo upole ndio ulionitisha.

Basi nikaanza kumfuata mama mdogo Gaudensia, mdogo wake mama, kwenye matamasha ya vyakula. Yeye kazaliwa hapa hapa mjini na hakosi hata moja. Alidhani nimependa starehe. Mimi nilikuwa nabeba kopo lenye mfuniko, natafuta chochote ambacho Bibi angekimeza.

Jamani, mambo ya huko. Unafungwa utepe mkononi kama mgonjwa wa wodini, kisha unaonjeshwa. Nilikuta kahawa ya Mbinga, kaka mmoja anasema ina harufu ya maua, na watu wazima wanaivuta kwa kijiko kwa kelele, fyuuu, halafu wanaitema. Kwa Bibi ungevuta hivyo ungeulizwa kama umelelewa na nguruwe, na ungetema ungekunywa uliyoitema. Nilikuta usipa mmoja, peke yake, amechomwa kijiti juu ya kipande cha tango kama yatima aliyepewa godoro. Nilimpelekea Bibi. Akamtazama sana, akauliza, "Wenzake wako wapi?" Hakumla.

Na hakuna aliyekula kabla ya kupiga picha. Siku hizi simu ndiyo inayoonja kwanza.

Mwezi uliopita, kwenye kona ya mwisho, nikakuta mama mmoja na ndoo ya togwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Lituhi."

"Ala, jirani yangu. Mimi wa Namswea." Akacheka, akajaza kikombe, akapiga funda moja mwenyewe, kisha akanipa kwa mikono miwili.

Mama mdogo alishika kifua. "Osmundi, usinywe, huyo mama amekinywea."

Nilikinywa chote. Nilikuwa nafikiria zile sahani zetu. Miezi yote ile tulikuwa tunamwekea Bibi chakula mezani, tunasema "karibu", halafu tunaondoka, hakuna aliyeonja kwanza.

Nilifika nyumbani na kopo limejaa. Kikombe cha bati hatuna, nikachukua glasi. Baraka akanyanyua simu ya mama apige picha, nikamwambia aiweke chini. Nikasimama mbele ya Bibi, nikapiga funda moja, nikampa kwa mikono miwili.

Aliipokea glasi.

"Mume wangu," akasema, "nilidhani huku mjini umeacha kazi."

Akanywa. Akajilamba midomo. "Sukari nyingi. Kimea kidogo. Aliyeitengeneza ana haraka." Akanywa tena. Mama, aliyekuwa mlangoni, akageukia ukuta. Glasi ilipofika nusu, Bibi akanirudishia.

"Onja tena."

"Bibi, mara ya pili ni wizi."

"Iba," akasema.

Enzi zile nisingemaliza hata kulifikiria funda la pili, mwiko ungekuwa umeshafika. Sasa mkono wake ulikuwa umelala mapajani, mwepesi kama ganda la hindi. Nikakaa chini miguuni pake, nikamgeuzia kisogo makusudi, nikanywa polepole, nikingoja.